Jina Alilotoa Ancha

Zainabo, mke wa Cassimo, alikuwa na mdomo ambao watu walitoka majumbani mwao kuja kuusikiliza. Pale Olumbi, upande wa barabara iendayo Palma, wanawake walibeba mihogo yao wakaenda kuimenyea kwake, maana kwake kulikuwa na kucheka. Alijua kuiga mwendo wa mtu, kikohozi cha mtu, namna mtu anavyotafuna akidhani hatazamwi. Na siku aliyolisema lile neno juu ya Ancha, hakulisema kwa chuki. Alilisema kwa sababu wanawake walikuwa wamenyamaza wakimtazama, wanasubiri.

Ancha alikuwa mke wa Nurdine, mdogo wake Cassimo. Aliolewa kutoka kisiwani Vamizi, msichana mwembamba, mpole wa sauti, hajui hata kushika jembe. Nyumba zao mbili zilikuwa ndani ya ua mmoja, na Zainabo ndiye aliyempokea, akamfundisha kulima, akamwonyesha kisima chenye maji matamu. Ancha alimwita dada. Uzazi wake wa kwanza ulileta mtoto wa kiume aliyeishi toka alfajiri mpaka adhuhuri, akafa. Wakati wa msiba, wanawake wakisugua masufuria nyuma ya nyumba, mmoja wao akasema, "Maskini, hata hatukuwahi kuona kafanana na nani."

Zainabo akainua kichwa. "Ndiyo maana kaondoka mapema," akasema. "Kaona aibu kuulizwa."

Wakacheka, wakajiziba midomo kwa ncha za kapulana walizojifunga, maana maiti alikuwa bado hajapoa kaburini. Jioni neno lilikuwa limeshafika sokoni. Ijumaa lilimfikia Nurdine, na Nurdine hakucheka. Alimpiga mkewe mbele ya watu, akamuuliza mtoto alikuwa wa nani, kisha akamrudisha Vamizi na sanduku lake. Wazee walihangaika miezi mingi mpaka Ancha akarudi. Zainabo alipoulizwa alisema, "Mimi? Mimi nilisema tu watoto wachanga wana haya." Wakacheka tena.

Mtoto wa pili alikuwa wa kike. Siku ya saba walikusanyika, mtoto akanyolewa, ubani ukafukizwa. Ilijulikana kwamba ataitwa Muanamire, jina la mama yao Cassimo na Nurdine, ambaye alikuwa amefariki wiki ileile. Mwalimu wa chuo akauliza kwa desturi tu, "Haya, mtoto anaitwa nani?"

Ancha akajibu mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, kabla mumewe hajafungua kinywa. "Anaitwa Siwema."

Mwalimu akasita. "Nani?"

"Siwema, mwalimu. Binadamu si wema. Jina lake ndilo hilo."

Majina ya namna hiyo si mageni kule. Yuko Sikujua, yuko Siwazuri, yuko Tabu. Na kila mtu anajua kwamba jina kama hilo hupewa mtoto, ila limetumwa kwa mtu mwingine. Wanawake wote waliokuwa chumbani wakageuka kumtazama Zainabo, aliyekuwa ameshika chetezo. Moshi ulimwingia machoni na hakuthubutu kuyafuta. Nurdine alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mkeka. Alijua alichomfanyia mkewe, na hakuwa na kingine cha kumlipa. "Basi na liwe hilo," akasema.

Tangu hapo Ancha hakumtukana Zainabo hata siku moja. Alimwamkia, alimpelekea samaki, alimshika mkono njia ilipoteleza. Alichofanya ni kumwita mwanawe tu. Asubuhi, "Siwema, amka." Mchana, "Siwema, njoo ule." Magharibi sauti ile pole ilijifunza kurefuka: "Siwemaaa!" Jina lilipita ua mzima, likatoka barabarani, wapita njia wakaulizana, na wenyeji wakawaeleza. Zainabo akanunua kuku akamwita Tuone, naye akawa anamwita kwa sauti kubwa. Kuku yule aliliwa na kicheche, na kwa mara ya kwanza mtaa ukamcheka Zainabo mwenyewe. Wanawake wakaacha kuleta mihogo. Uani kwake kukawa kimya, ila lile jina tu.

Miaka sita alilisikia. Kisha Ancha akafa katika uzazi wa tatu, yeye na kichanga chake. Nurdine akavuka Mto Ruvuma kutafuta kazi Mtwara, akapata kazi, akapata na mke, hakurudi. Cassimo, mtu wa maneno machache, akamshika mtoto mkono, akamvusha ua. "Huyu ni damu yetu," akamwambia mkewe. Mjadala ukaisha.

Zainabo hakumnyima chakula wala hakumpiga. Alimshonea nguo, alimsuka nywele. Ila hakumwita jina. Alimwita "wewe," au "mtoto," na usiku wa kiu akimtuma maji alimgonga begani tu. Ulimi wake uliokuwa hodari kwa kila neno uligoma kulibeba hilo moja.

Mwaka mtoto alipotimiza miaka tisa, alikuja shuleni mwalimu mpya aliyepangwa kutoka Beira, profesora Tânia. Hakujua lugha ya watu wa pale, lakini alikuwa na moyo. Akawaambia wanafunzi wakaulize nyumbani maana ya majina yao, kesho yake kila mmoja aje aeleze kwa Kireno.

Zainabo alikuwa anakuna nazi mtoto alipokuja kuchuchumaa mbele yake.

"Mamkubwa, jina langu maana yake nini?"

"Mamako hakukwambia?"

"Alisema ataniambia nikikua."

Zainabo akaendelea kukuna. Mtoto alikuwa na macho ya Ancha hasa, makubwa, ya kuamini. Ukweli ulikuwa mwepesi: mamako alikasirishwa na maneno ya watu. Angeweza kulisema hilo na asijitaje. Lakini hapo hapo aliona kwamba neno lile linaweza kugeuzwa. Wema ni watu walio wema, na wema ni jambo jema pia. Alikuwa fundi wa maneno, na ufundi ule ulikuwa umelala muda mrefu.

"Basi umekua," akasema. "Kaka yako alikufa. Bibi yako Muanamire naye akafa wiki uliyozaliwa wewe. Mamako akakutazama mikononi mwake, akasema: hili lililonijia si wema. Ukaitwa hivyo."

"Hili ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Alikosea? Yuko wapi mamako leo?"

 Mtoto akaokota vifuu vilivyokwisha kukunwa, kama alivyozoea, akaenda kuvitupa. Zainabo akakamua tui lake. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Kesho yake darasani zamu yake ilipofika, mtoto alisimama akasema jina lake, kisha akasema maana yake: "Não é coisa boa." Si kitu kizuri. Darasa likaangua kicheko. Profesora Tânia alimwita mbele, akamkumbatia, machozi yakimlengalenga, akatangaza kwamba tangu leo mtoto yule ataitwa Dalva, ndiyo nyota ya alfajiri. Ilikuwa huruma tupu. Watoto nao walimchagulia lao la njiani: Coisa Má, Kitu Kibaya.

Jina la Dalva lilipofika nyumbani Zainabo alilidaka kwa mikono miwili. Yeye aliyekaa miaka mitatu bila kumwita mtoto, sasa alimwita mpaka majirani wakachoka. "Dalva, chota maji! Dalva, anua nguo!" Cassimo akauliza Dalva ndiye nani.

"Jina la shule," mkewe akamjibu. "Mwenyewe kalipenda. Si umelipenda?"

Mtoto akaitika kwa kichwa. Mtaa ukafuata. Neno alilolitoa Ancha nyuma ya pazia likafa, na wanawake wawili watatu wakarudi na mihogo yao.

Dalva akakua na tabia ambazo watu walidhani ni adabu. Hakukubali kupakata kichanga. Jirani akijifungua, yeye alizunguka njia ya mbali asipite mlangoni. Mvua ikichelewa, akipewa chakula alichukua matonge mawili akasema ameshiba. Zainabo aliyaona yote hayo na alijua yalikotoka. Alinyamaza.

Mtu mmoja tu hakukubali jina jipya. Olinda, Mmakonde Mkristo kutoka Mueda, mwuza chumvi na mafuta ya taa kando ya barabara, alikuwa shoga yake Ancha. Kila binti alipopita alimwita, "Siwema, hujambo mwanangu?" Binti aliinamisha uso, akaongeza mwendo.

Vita vilipofika upande ule, walikimbia kama wengine. Risasi zilisikika mchana, wakatoka na walichovaa. Cassimo alitangulia na watu wengine kutafuta njia, na goti la Zainabo, ambalo lilikuwa bovu siku nyingi, likakataa katikati ya matope ya mikoko. Dalva alikuwa na miaka kumi na minne. Aliinama, akambeba mamkubwa wake mgongoni, akatembea matope yakimfika mapajani. Nyuma yao moshi wa Olumbi ulikuwa umepanda juu. Zainabo akamsikia binti ananong'ona, akadhani anaomba dua. Akatega sikio.

"Nisamehe, mamkubwa," binti alikuwa anasema. "Nisameheni nyote. Ni mimi. Ni mimi nimeyaleta."

Zainabo alikuwa amelala mgongoni mwake, kinywa chake kiko karibu kabisa na sikio la mtoto. Neno moja lingetosha. Lakini alifikiri: nikimwambia sasa, akikasirika, akanitua humu? Akakaza mikono shingoni mwa binti, na binti akaendelea kutembea.

Walikaa kambi ya wakimbizi miaka miwili, wakarudi, wakakuta nyumba ni majivu, wakajenga nyingine. Dalva alikuwa mwanamwali, na Faizal, kijana mwenye pikipiki ya kubebea abiria, akampenda. Binti naye alimpenda, ila kila Faizal alipotaja kupeleka posa alimkatalia. Mwisho akamwambia, "Usinioe mimi. Nitakufisha." Faizal hakuelewa. Akaenda kumuuliza Olinda, aliyejua mambo ya watu wa zamani, na Olinda akafunga kibanda chake mchana kweupe, akaenda kumvizia binti kisimani. Safari hii alimshika mkono.

"Nani kakwambia wewe una mkosi?"

"Jina langu linasema. Mama alinipa mwenyewe."

"Mamako?" Olinda akakaa chini pale pale kwenye tope la kisima. "Mamako alikuwa anakuita hivyo anacheka! Jina lile hakukupa wewe, mwanangu. Alimpa Zainabo. Wewe ulikuwa mdomo wake tu, maana yeye mwenyewe hakujua kutukana." Akamweleza yote: msiba, masufuria, kicheko, kipigo, sanduku la kurudi Vamizi. Binti alisikiliza, ndoo imejaa, maji yanamwagikia miguuni. Alipomaliza Olinda, binti akauliza jambo moja tu.

"Mamkubwa alikuwa anajua maana hiyo?"

"Mtaa mzima ulijua. Yeye asijue vipi?"

Binti hakusema kitu nyumbani. Alimruhusu Faizal alete watu wake. Siku hiyo uso wake ulikuwa umepakwa msiro, urembo wa mti uliosagwa, mpaka ukawa mweupe, amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake, na sinia za posa zimefunikwa mbele yake. Zainabo alikuwa amependeza, anatania, ulimi uko motoni. Mama yake Faizal akainama kwa binti. "Dalva, mwanangu, hebu tuitikie tusikie sauti."

"Mimi naitwa Siwema," binti akasema. Hakupaza sauti. "Mama alinipa jina hilo kwa sababu ya mamkubwa huyu. Alimsingizia mama kwamba mtoto wake aliyekufa si wa ndoa. Mimi mamkubwa akanifundisha kwamba mkosi ni mimi, na nikaamini mpaka juzi."

 Kisha kutoka pembeni, karibu na mlango, mwanamke mmoja akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, cha mtu aliyekumbuka kuku aliyeliwa na kicheche. Ni kile kicheko. Kama kisingekuwapo, huenda Zainabo angelia, au angetoka nje, na mambo yangekwenda njia nyingine.

"Muulizeni basi mamake alinichukia kwa nini," akasema. "Alinichukia kwa kuwa nilijua. Yule wa kwanza hakuwa wa Nurdine. Na huyu mnayemtaka nyinyi, baba yake nendeni mkamtafute Vamizi."

Alisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama yake Faizal alijifunga kapulana vizuri, akawaonyesha wenzake sinia kwa kidevu, wakazibeba kama walivyozileta, zimefunikwa. Kabla ya mwezi kuisha Faizal aliozwa msichana wa Nangade. Alilia kidogo, lakini alikwenda.

Cassimo alikuwa barazani na wanaume, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Wageni walipoondoka aliingia, akasimama mlangoni.

"Ulikuwa na hakika?" akamuuliza mkewe. "Yale ya mtoto wa mdogo wangu. Uliona kitu?"

 "Ilikuwa utani," Zainabo akasema. "Walicheka sana siku ile."

Cassimo akamtazama. Kisha akakunja mkeka wake wa kulalia, akautoa barazani, na barazani ndiko alikolala tangu siku hiyo. Binti alipotoka chumbani alikuwa amenawa msiro, ana mfuko wa nguo. Zainabo alijiandaa kwa matusi, angeyajibu. Binti alipiga goti, akasema, "Kwaheri, mamkubwa," akaenda barabarani kungoja gari la Palma.

Huko alipata kazi ya jikoni katika nyumba ya wageni, na mwaka uliofuata akaolewa na fundi wa umeme kutoka Nampula, mtu asiyejua habari za Olumbi wala hakutaka kuzijua. Cassimo alikwenda kuozesha. Olinda alikwenda. Zainabo hakuambiwa siku.

Binti alipojifungua, Cassimo alipigiwa simu, naye akaingia jikoni na uso ambao mkewe hakuuona miaka mingi. "Siwema kapata mtoto wa kike," akasema.

"Alhamdulillahi. Kamwita nani?"

Cassimo akageuka kuchota maji. "Kaniomba nisikwambie."

Zainabo akacheka, akidhani ni mambo ya kupita. Akaenda kwa Olinda kununua chumvi. Wanawake pale kibandani walikuwa wanazungumza juu ya mtoto. Alilisikia neno la mwisho likikatwa katikati, na wote wakaanza kuulizana bei ya samaki. Akajaribu kwa jirani, akajaribu kwa mke wa mwalimu wa chuo. Kila mtu alijua jina. Kila mtu alimjibu kwa heshima: "Utasikia mwenyewe, bibi."

Alivumilia mpaka arobaini ikapita. Kisha akachinja jogoo, akamkaanga, akapanda gari kwenda Palma na goti lake bovu.

Alipokelewa vizuri. Siwema alitoka mlangoni, akampokea kikapu, akamtandikia jamvi kivulini. "Karibu, mamkubwa. Poleni na safari." Akamletea maji ya kunawa, akampa wali na samaki wa nazi, akampa na mtoto ampakate. Mtoto alikuwa mzito, ana macho makubwa. Zainabo akambembeleza, akamwimbia, huku ametega masikio. Akajiambia, atalia, watamwita. Mtoto alilia. "Njoo, mama," Siwema akamwambia, kama watu wote wanavyowaambia watoto wa kike, "njoo unyonye, mama yangu." Mume alirudi kazini akamchukua bintiye. "Mrembo wa baba," akasema. Mama mwenye nyumba alichungulia uani, akafungua kinywa kumwita mtoto, akamwona Zainabo, akakifunga. Mchana wote ulikwenda hivyo. Wameambizana, Zainabo akaelewa. Nyumba nzima imeambizana.

Alasiri Siwema alimsindikiza mpaka kituoni, amembebea kikapu, amemjazia embe na kapulana mpya. Gari lilikuwa linajaza watu. Zainabo akamshika mkono.

"Mwanangu. Mimi mtu mzima sasa. Nife sijui mjukuu wangu anaitwa nani?"

Siwema alimtazama bila hasira. Hiyo ndiyo iliyomtisha Zainabo. Alitafuta hasira usoni mwake asiipate.

"Ukilijua utalifanyia nini, mamkubwa?"

Zainabo, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu Olumbi, akamwachia mkono. Siwema akampandisha garini, akamwekea kikapu miguuni, akamwambia dereva amshushe taratibu kwa sababu ya goti. Kisha akarudi kwa mwanawe.

Cassimo alikuwa barazani anasuka kamba Zainabo alipofika. Hakuinuka.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kafanana na nani?"

Zainabo aliweka kikapu chini. Watu wawili walikuwa wanapita barabarani, wakapunguza mwendo, kama zamani, kusikia atasema nini.

"Kafanana na Ancha," akasema, akaingia ndani kukoka moto.